Daftari Lililokombolewa kwa Jogoo

Watu wa Mtendeni, hapa Tabora, watakwambia Recheli Lugembe ana hasira za karibu. Ni kweli, sibishi. Lakini waulize pia ni nani aliyenikalia kichwani miaka kumi na moja bila kuzionja hasira hizo hata siku moja, watakutajia mtu mmoja tu: Fikiri. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila hayo mawili ni watani. Mtani hakasirikiwi.

Kama mambo haya huyajui, nitakueleza haraka. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe hadi pwani. Walipofika kwa Wazaramo miguu imevimba, wakapewa maji, wakatukanwa kidogo, nao wakatukana, na aliyefia njiani akazikwa na hao hao waliokuwa wakimtukana. Ndivyo tunavyosimuliana. Mpaka leo mtani anaweza kuingia kwangu, akafunua sufuria akala nyama, akavaa ndala zangu akaondoka nazo, na kazi yangu mimi ni kucheka na kumsema vibaya. Akikamata kitu changu nikakitaka, nakikomboa kwa kitu kingine, basi. Nikinuna, aibu ni yangu.

Baba yake Fikiri, mzee Mwinyikambi, aliletwa Tabora na kazi ya reli akastaafia hapa hapa, kwa hiyo mwanawe anaijua Tabora kuliko wengi wetu tuliopokewa na wakunga wa hapa. Aliniita mpagazi. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Mpagazi wangu, mzigo umefika wapi?" Nami nilimjibu, "Umefika zamani, mcheza ngoma, wewe ndiyo kwanza unaamka." Tukishacheka ndipo tunaanza kazi.

Kazi yenyewe ni batiki. Nyuma ya nyumba nina banda la mabati, majiko mawili ya mkaa, sufuria za nta na mapipa ya rangi. Mimi nachora na kutia rangi, fundi wangu Julieth anashona, Fikiri anauza. Tuliishi vizuri mpaka sokoni kulipojaa vitenge vya kiwandani vilivyochapwa kuigiza batiki. Anayetazama kwa mbali haoni tofauti, na wateja wengi hutazama kwa mbali. Ilifika mahali tunakaa siku nne hatujauza hata mita moja. Julieth akaanza kuulizia kazi ya kushona sare za shule, kwa siri, akidhani sijui. Nilijua. Nilijua pia kwamba tusipopata bidhaa nyingine mwaka ule, banda langu litageuka stoo ya mkaa.

Wazo lilikuja kwa uzembe. Nilikuwa na bakuli la maziwa ya mgando, nikalifunika kwa kitambaa kilichokuwa kimelowa nta iliyobaki, nikasahau. Kesho yake nikakuta kitambaa kimeushika mdomo wa bakuli, hakuna nzi wala sisimizi, maziwa salama. Nikakitoa, nikakiosha kwa maji baridi, nikafunikia kitunguu nusu. Kikashika tena. Nikamwita Julieth aje aone, tukasimama pale tunakitazama kitunguu.

Sasa, mimi ni mtu wa kukisia. Rangi nilikuwa napika kwa jicho, nta naipima kwa harufu. Lakini mwezi ule kanisani kwetu Moravian waliletwa walimu wa kufundisha wajasiriamali kupanga miradi, siku tano, chai na maandazi bure. Nilikwenda kwa ajili ya maandazi. Mwalimu akasema wazo si mradi. Mradi una mwanzo na mwisho, una hatua, na kila hatua ina tarehe na ina mwenyewe wa kuulizwa. Akasema usiruke hatua kwa sababu umechoka kusubiri. Maneno yale yaliniingia. Nikaona kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikianza mambo kutokea katikati.

Nikanunua kaunta buku lenye jalada gumu. Siku tatu tulikaa bandani, mimi, Julieth na Fikiri, tukapanga. Kutafuta kipimo sahihi ilikuwa kazi yangu, nikapewa hadi mwisho wa Agosti. Julieth apate ukubwa wa vitambaa na namna ya kukata pindo lisilofumuka. Oktoba, joto likiwa kali kabla ya mvua, tuwagawie akina mama ishirini wavitumie wiki nne majumbani, na Fikiri apite kukusanya walichoona. Baadaye ndipo tutengeneze vingi, na mwisho kabisa, Desemba, tuvipeleke sokoni. Kwa sokoni tulimaanisha mtu mmoja, Sylvester wa Dodoma, anayesambaza asali kwenye maduka ya nchi nzima. Fikiri ndiye aliyempata. Sylvester alisema vitambaa vya nta vikiwa vizuri atavichukua, lakini kwa mtengenezaji mmoja tu, hataki kuchanganya wateja.

"Babu zako walitembea hadi Bagamoyo bila daftari," Fikiri alinitania.

"Ndiyo maana wengi hawakurudi," nikamjibu, nikaandika jina lake kwenye hatua zake kwa wino mwekundu.

Kipimo kilinitoa jasho. Nta ikizidi, kitambaa kinapasuka kikikunjwa. Ikipungua, hakishiki chombo. Nilijaribu mara ishirini na mbili. Mwishowe nikaenda Sikonge kwa mjomba wangu Elieza, mfugaji nyuki, nikalala kwake siku mbili. Akanipeleka porini kwenye mti ambao utomvu wake walikuwa wakiutumia zamani kuzibia nyufa za mizinga. Ukichanganywa kidogo kwenye nta, nta inakuwa laini na inang'ang'ania. Jina la mti ule niliandika ndani ya daftari, ukurasa mmoja na kipimo, na sikumwambia mtu. Si kwamba niliwaficha wenzangu. Mwalimu alisema siri ya bidhaa iwe mahali pamoja, nami nikatii.

Oktoba Fikiri alifanya kazi. Lazima niseme, kwa sababu sitaki kusema uongo hata kwa adui. Alizunguka na baiskeli Mtendeni nzima juani, akauliza maswali yote tuliyoyaandika, akarudi na majibu ya akina mama kumi na tisa. Wa ishirini mbuzi wake alikula kitambaa. Tulicheka mpaka Julieth akakaa chini. Majibu yalikuwa mazuri kuliko tulivyoomba.

Wiki ya kwanza ya Novemba mama yangu akafariki.

Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kukauka machozi. Nilikaa kwenye mkeka siku ya kwanza na ya pili, watu wanaingia na kutoka, mimi sili, sisemi, macho makavu. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wanapika uani, Fikiri akatoka ndani amejitanda kanga ya mama, kiuno amekipinda, ameshika ufagio. Akaanza kuwafukuza kuku wa jirani kwa sauti ya mama, yale yale maneno yake ya kila asubuhi, na namna yake ya kusimama katikati na kushika mgongo. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Alishachimba kaburi, alishaingia ndani yake akajilaza, akasema ni dogo, mama atagombana na majirani wa chini. Sasa akaja kwenye dirisha la jikoni, akaliona daftari langu, akalichomoa.

"Daftari limekamatwa!" akapaza sauti. "Marehemu ananidai, na mimi namdai mpagazi. Halitoki bila jogoo!"

Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Mtu mmoja, mgeni wa Igunga, akataka kumnyang'anya. Mimi nikasema, neno langu la kwanza baada ya siku tatu, "Mwacheni. Huyo ni mtani wangu." Nikacheka. Nilipocheka ndipo machozi yakaja, yakaja yote, nikalia vile nilivyotakiwa kulia tangu siku ya kwanza. Mpaka leo shangazi zangu wanasema Fikiri ndiye aliyeniokoa.

Alikaa na daftari siku nne. Matanga yalipokwisha nikampelekea jogoo mwekundu, akanirudishia daftari limefungwa kwa kamba ya katani, tukapeana mikono mbele ya watu. Halafu akanivuta pembeni. Uso wake ulikuwa wa huruma, naapa, wa huruma kabisa.

"Mpagazi, tua mzigo kwanza," alisema. "Ulie mama yako. Sylvester nitamwambia asubiri hadi Februari. Tarehe ni zetu, tunaweza kuzisogeza."

Nikazisogeza. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikata Desemba nikaandika Februari.

Baada ya Krismasi Fikiri aliaga kwamba dada yake wa Kisarawe anaumwa. Alipiga simu kila Jumapili. Aliniuliza nalalaje, aliniuliza kama nimefikisha vitambaa vingapi, akaniambia nisijichoshe. Mimi na Julieth tulichemsha nta kuanzia Januari tarehe mbili. Tulifikisha vitambaa mia nne, tukavifunga vitatu vitatu na karatasi iliyochapwa jina la banda letu. Nilipomaliza hatua ile niliiwekea alama kwenye daftari, na ninakumbuka nilijisikia mtu mkubwa.

Tarehe tatu Februari nikampigia Sylvester, nikajitaja jina. Namba ilikuwa kwenye daftari, ingawa hatua ile ilikuwa ya Fikiri. Simu ya Fikiri haikupatikana siku ile, nami sikutaka tarehe ipite.

"Mama Recheli, habari," alisema Sylvester. "Samahani, Recheli wa wapi?"

"Wa Tabora. Wa vitambaa vya nta."

"Aa, unataka kununua? Vipo madukani tangu katikati ya Januari. Vinatoka vizuri sana. Ongea tu na Bwana Fikiri, ndiye mtengenezaji."

Nikamwambia mtengenezaji ni mimi. Akasema kwa adabu kwamba yeye ameandikishiana mkataba na Bwana Fikiri wa miaka mitatu, bidhaa imesajiliwa kwa jina lake, karakana ipo Dodoma na ina akina mama sita. Kama tuna ugomvi wa nyumbani basi tuumalize nyumbani. Kisha akanitumia picha. Vilikuwa vyangu. Ukubwa ni ule wa Julieth, pindo ni lile la Julieth, hata maelekezo ya kuosha kwa maji baridi yalikuwa na maneno yangu.

Nikampigia mjomba Elieza. Sikutaka kumpigia, kwa sababu nilishaanza kujua atasema nini.

"Mbona mtani wako alikuja mwezi wa kumi na mbili?" akasema mjomba. "Alisema umemtuma, wewe uko kwenye majonzi. Aliutaja mti kwa jina, nikajua umemwambia mwenyewe. Nikampa madumu sita ya utomvu. Kwani nimekosea, mwanangu?"

"Hujakosea, mjomba," nikasema.

Nikakaa juu ya pipa la rangi. Wizi ningeweza kuumeza. Nimeibiwa baiskeli, nimeibiwa kuku, najua namna ya kulaani na kuendelea. Lakini huyu alikuja na kanga ya mama yangu mabegani. Alinichekesha kwa sauti ya mama ili mkono wake upite dirishani. Na kicheko changu mwenyewe ndicho kilichomzuia yule mgeni wa Igunga, mtu pekee pale aliyekuwa na akili. Tangu siku ile nikijaribu kumkumbuka mama akifukuza kuku, anayenijia ni Fikiri. Hilo ndilo aliloniibia, na halina mahali pa kushtakiwa.

Nilipowaambia watu, wengi walitabasamu. "Si mtani wako? Mpelekee jogoo mwingine," walisema. Shangazi yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, aliniambia nikimpeleka mtani polisi ukoo utanicheka. Nilimwambia ukoo ucheke, nikaenda, lakini polisi nao waliniuliza kama daftari nililikomboa mwenyewe na kama nilitoa jogoo mbele ya mashahidi. Nikasema ndiyo. Wakatazamana.

Mwezi wa tatu kulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali hapa mjini. Julieth ndiye aliyekuja mbio kuniambia Fikiri yupo, ana meza mbele kabisa, ana mwavuli. Nikajifunga kitenge, nikaenda, Julieth nyuma yangu ananisihi, "Dada, usipige mtu."

Aliniona kwa mbali. Sikuona aibu usoni mwake hata ya kuazima. Alipanua mikono, akapaza sauti ili meza zote zisikie.

"Jamani, mpagazi wangu huyo! Kaja kudai! Nimemkamatia mzigo njiani, nimeufikisha pwani kabla yake!" Watu wakacheka. Walimjua, walinijua, walijua nafasi yao ya kucheka. "Haya, mpagazi, lete jogoo ukomboe!"

Walikuwa wananingoja. Nilikuwa na matusi manne tayari mdomoni, yote mazuri, na lolote kati ya hayo lingefanya umati upige makofi na mambo yaishe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba matusi yangu ndiyo anayoyataka. Nikimtukana, mimi bado ni mtani wake, na mtani hakuibiwa, amechukuliwa tu.

"Habari za asubuhi, Bwana Fikiri," nikasema.

Kicheko kikaendelea kidogo, halafu kikapungua. Yeye bado alikuwa anatabasamu.

"Nani Bwana? Mpagazi, leo umekunywa nini?"

"Naitwa Recheli Lugembe. Nimeona bidhaa zako ni nzuri. Hiki cha kati ni bei gani?"

Hapo tabasamu likaondoka. Mtani hanunui kwa mtani. Anachukua, na mwenyewe anapiga kelele. Wazee wawili waliokuwa meza ya pili wakaacha kutafuna. Fikiri akashusha sauti, akaniinamia mezani.

"Recheli. Acha. Chukua vyote, beba hata meza. Ningekuingiza, nilikuwa nangoja tu unitanie tumalize. Wewe na hatua zako ungefika lini? Sylvester alikuwa anataka kuondoka, mimi nimekimbiza tu mzigo."

"Bei gani, Bwana Fikiri?"

Julieth akanishika mkono. Nikaweka noti mezani, hakuigusa. Nilisikia sauti yake ikibadilika, ile ya mzaha ikamtoka, ikabaki sauti ya mtu ninayemfahamu.

"Baba haamki kitandani wiki ya pili sasa," alisema. "Anakuulizia wewe. Anasema mpagazi wangu yuko wapi, aje anitukane nife vizuri. Huku hatuna ndugu, unajua. Nani ataingia kaburini kwa baba?"

Mzee Mwinyikambi aliniita mpagazi kabla ya mwanawe. Alinifundisha matusi ya Kizaramo ambayo sijui maana yake mpaka leo, na nilimpenda, na hakunikosea chochote. Jibu lilikuwa tayari: nitakuja, mcheza ngoma, nitalala humo kaburini nimwambie mzee amezaa mwizi. Ningeweza kulisema.

"Pole sana kwa kuuguza," nikasema. "Likitokea la kutokea, tutakuja kutoa rambirambi pamoja na majirani wengine. Naomba na risiti."

Fikiri alikaa. Alitafuta kitabu cha risiti kwa muda mrefu ingawa kilikuwa mbele yake. Aliandika kitambaa kimoja cha nta, cha kati, akanikabidhi risiti kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mteja mgeni, nami nikasema asante.